Mzee wenu yuko kwenye makao na hatunzwi vizuri: lalamiko linaandikwaje, linapelekwa wapi

Familia nyingi za huku Nyanda za Juu Kusini hufika kwa Afisa Ustawi wa Jamii zikiwa na sentensi moja: "Mama hatunzwi vizuri." Afisa anachukua kalamu, anauliza: tangu lini? Nani alikuwa zamu? Mmeona nini kwa macho yenu? Hapo watoto wanaanza kutazamana. Mmoja anasema mama amekonda, mwingine anasema tatizo ni wahudumu kujibu vibaya, wa tatu yuko Dar kwenye simu anataka mama ahamishwe leo leo. Lalamiko limekufa kabla halijasajiliwa, na mama bado amelalia shuka lile lile.

Haya ninayoyaandika yanahusu mzee aliye kwenye makao ya kanisa, makazi ya serikali, nyumba ya matunzo ya mtu binafsi, au aliyelazwa wodini muda mrefu. Njia za kupeleka lalamiko zinatofautiana kidogo, lakini ushahidi unakusanywa kwa namna moja.

Nianze na woga, maana ndio unaofunga watu midomo. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mtu kuwa mzee kuanzia miaka 60, inaiweka familia mbele na kuyafanya makao kuwa hatua ya mwisho. Makao ni machache, kwa hiyo nafasi ikipatikana familia inaishika kwa mikono miwili. Baadaye mambo yakiharibika watu wanajisemea: tukilalamika tutaambiwa "mchukueni mzee wenu", au atalipiziwa kisasi usiku tukiwa hatupo. Woga huo siudharau. Dawa yake ni vitu vitatu: lalamiko liwe la maandishi, Ustawi wa Jamii wapate nakala tangu barua ya kwanza, na ndugu waonekane pale makao mara kwa mara kwa saa zisizotabirika. Leo nendeni saa ya chakula cha mchana, wiki ijayo jioni, siku nyingine Jumapili baada ya ibada. Ndugu anayepiga simu kila mara kabla ya kufika ataonyeshwa kitanda kilichotandikwa.

Mnatazama nini mkifika

Anzeni na ngozi. Mzee asiyejigeuza mwenyewe anapata vidonda vya kulalia pale mfupa unapokaribiana na godoro: kwenye kifandugu, nyonga, visigino, viwiko, mabega na kisogo. Vitabu vingi vinasema mtafute wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Tazameni sehemu iliyokolea rangi kuliko ngozi ya jirani, kisha wekeni mgongo wa kiganja: je, pana joto au baridi kuliko pembeni? Pamekuwa pagumu, au panabonyea kama embe lililoiva sana? Mzee anashtuka ukigusa? Hiyo ni hatua ya kwanza na bado inarudi nyuma akigeuzwa vizuri. Hatua inayofuata ngozi inachubuka au inatoa lengelenge, halafu linakuja shimo, na mwisho unaonekana mfupa. Kutoka weusi kidogo hadi shimo zinaweza kupita siku chache tu kwa mzee aliyekonda na anayelalia mkojo.

Kinachofundishwa ni kumgeuza kila baada ya saa 2 hivi, ubavu wa kulia, mgongo, ubavu wa kushoto, visigino vikiinuliwa kwa mto ili visiguse godoro. Ombeni karatasi ya kugeuza. Makao yanayojiheshimu huwa nayo ukutani au miguuni mwa kitanda. Isomeni kwa makini, maana hapa ndipo udanganyifu unapojitokeza wenyewe. Mkifika saa 9 alasiri mkakuta imeshajazwa mpaka saa 12 jioni, mmepata ushahidi ambao hakuna kelele inayoweza kuufikia. Vilevile mkikuta usiku mzima umeandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, mstari ulionyooka, na kila mahali "kulia, kulia, kulia", mjue umejazwa kwa mkupuo mmoja asubuhi.

Lakini tendeni haki. Si kila kidonda ni uzembe. Wapo wazee wanaoletwa kutoka nyumbani wakiwa tayari nacho, na mtu anayekaribia mwisho ngozi yake inaweza kushindwa hata akitunzwa vizuri. Ndiyo maana siku ya kumpokelesha mzee ni muhimu mno: ngozi yote ikaguliwe mbele ya ndugu, uzito uandikwe, dawa zihesabiwe, na pande zote mbili zitie sahihi. Familia isiyo na karatasi hiyo itabishana miezi sita kuhusu kidonda kilianza wapi.

Baada ya ngozi, hesabuni dawa. Hesabu haigombani na mtu. Tuseme mzee anameza kidonge kimoja cha presha asubuhi na kimoja jioni, na mlipeleka vidonge 60 vikaanza kutumika asubuhi ya tarehe 1. Mkifika tarehe 15 baada ya dozi ya asubuhi, atakuwa amemeza 29, kwa hiyo vinapaswa kubaki 31. Vikibaki 45, amerukwa mara 14. Vikibaki 20, kuna 11 vilivyotoka visivyo na maelezo: ama amezidishiwa, ama amepewa mwenzake wa kitanda cha jirani ambaye ndugu zake hawajaleta dawa. Hilo la mwisho hutokea sana na mara nyingi kwa nia njema kabisa, lakini bado ni hatari kwa wote wawili. Andikeni idadi, msiandike tuhuma.

Maji na chakula. Mzee wa kawaida anahitaji kama lita moja na nusu ya vinywaji kwa siku, isipokuwa daktari amempunguzia kwa sababu ya moyo au figo. Angalieni kikombe kiko upande gani wa kitanda. Aliyepooza mkono wa kushoto akiwekewa kikombe kwenye stuli ya kushoto, kitabaki kimejaa tangu asubuhi, na mhudumu atasema kwa uaminifu kabisa kwamba "maji amewekewa". Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, midomo iliyokauka na kuchanganyikiwa kwa ghafla ni dalili za kukosa maji. Uzito nao usemwe kwa namba: mzee wa kilo 50 akipungua kilo 2.5 ndani ya mwezi mmoja, hilo ni jambo la kumwona daktari. Asiyeweza kusimama kwenye mizani apimwe mzunguko wa mkono wa juu kwa futi ya fundi cherehani, mkono ule ule, sehemu ile ile, kila wiki mbili.

Anayekula amelala anapaliwa, na kupaliwa huleta nimonia. Akae wima wakati wa kula na abaki amekaa kama nusu saa baadaye. Mtu aliyepata kiharusi au asiye na meno akiletewa kande ngumu kila siku, sahani itarudi jikoni ikiwa nzima na kwenye kitabu itaandikwa "amekataa kula". Ulizeni kama amejaribiwa uji mzito wa ulezi, parachichi lililopondwa, ndizi au viazi vilivyosagwa. Hivyo huku kwetu havikosekani.

Baridi ni habari ya peke yake. Juni na Julai, Makete, Njombe, Mufindi na miinuko ya Mbeya, mzee asiyetembea anapoa mwili usiku hata akiwa na blanketi moja. Baadhi ya nyumba huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mkaa unatoa gesi ya kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi, na inaua watu usingizini. Mkilikuta jiko hilo ndani, msisubiri barua wala kikao. Litolewe saa ile ile, dirisha lifunguliwe, na msimamizi aambiwe mbele ya shahidi. Chupa ya maji ya moto nayo imeunguza miguu mingi iliyopooza, kwa sababu mwenye mguu hasikii. Izungushiwe kitambaa na isilazwe juu ya ngozi.

Na lugha. Mzee aliyepata kiharusi au anayesahau mara nyingi hurudi kwenye lugha aliyozaliwa nayo. Anaomba maji kwa Kihehe, Kibena, Kikinga au Kinyakyusa, mhudumu aliyetoka mkoa mwingine haelewi, na jioni ripoti inasema "mzee msumbufu, anapiga kelele". Hili ni lalamiko halali kabisa, na dawa yake haina gharama: maneno kumi yaandikwe kwa herufi kubwa juu ya kitanda. Maji, chakula, choo, naumwa, baridi, nigeuze, sitaki, nani, niinue, asante, na mbele ya kila neno lile la kwao. Mhudumu akiingia asubuhi na "kamwene" au "ugonile", uso wa mzee unabadilika.

Daftari, picha, na mdomo mmoja

Nunueni kaunta buku moja. Kila ziara iandikwe siku ile ile: tarehe, saa ya kuingia na kutoka, nani alikuwepo zamu, kilichoonekana, kilichosemwa, nani alisema. Maneno ya mhudumu yaandikwe yalivyotoka. "Alisema pampasi zimeisha tangu juzi" yana uzito kuliko "walitujibu ovyo".

Kidonda kipigwe picha pamoja na rula kando yake, mwanga wa dirishani, kwa ridhaa ya mzee. Uso na sehemu za siri zisionekane bila sababu, na wazee wengine wasiingie kwenye picha hata kwa mbali. Picha hizo zisiende kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Taarifa za afya ya mtu zinahesabiwa kuwa taarifa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na picha ikishasambaa, mazungumzo yote yatageuka kuwa ya picha, kidonda kitasahaulika.

Mzee mwenye akili timamu ndiye mwenye lalamiko. Muulizeni kwanza anataka nini, faragha, mlango umefungwa. Wakati mwingine anataka tu mhudumu fulani asimwogeshe, basi. Akikubali lalamiko liende, aweke sahihi au dole gumba kwenye barua ya kuwaruhusu kumsemea. Halafu ukoo uchague msemaji mmoja. Watoto wanne wakipiga simu nne zenye madai manne, msimamizi atajibu lile jepesi kuliko yote na kusema ameshajibu.

Kuongea kabla ya kuandika

Mambo mengi, naamini kwa dhati, yanamalizikia kwa msimamizi wa zamu au sista inchaji, kama mtu ataongea naye kwa heshima na kwa jambo moja tu. "Shikamoo sista, nimekuta mama amelowa, naomba tumbadilishe pamoja, halafu unieleze ratiba ikoje." Ukishika shuka upande mmoja na yeye upande mwingine, utajua kwa dakika tano kama tatizo ni moyo wa mtu au ni watu wawili kuachiwa wazee thelathini. Lalamiko kuhusu upungufu wa wahudumu linapaswa kumlenga mwenye makao anayeajiri, si binti wa zamu ya usiku ambaye naye mgongo unamuuma.

Mpe siku tatu. Likijirudia, andikeni.

Barua

Ukurasa mmoja. Muundo wa kiofisi wa kawaida: anwani, tarehe, cheo cha anayeandikiwa, YAH, maelezo, maombi, sahihi, nakala. Sehemu ya kati iwe hivi:

"Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Tarehe 12 Juni saa 9:20 alasiri tulimkuta mama akiwa na kidonda kwenye kifandugu, upana sm 3, hakijafungwa. Karatasi ya kugeuza ilikuwa imejazwa mpaka saa 12 jioni ya siku hiyo. Msimamizi wa zamu alisema bandeji zimeisha. Tarehe 15 Juni saa 4 asubuhi kidonda kilikuwa sm 4 na kilitoa harufu. Tunaomba kidonda kionwe na muuguzi au daktari ndani ya siku mbili, mama ageuzwe kila saa 2 na karatasi ijazwe baada ya kugeuzwa, na tupate majibu kwa maandishi ifikapo tarehe 24 Juni. Tunaomba pia asihamishwe wala kurudishwa nyumbani kabla familia na Ustawi wa Jamii hawajakaa pamoja na uongozi."

Hakuna neno "unyama" humo, wala "mmetuulia mama". Hasira yenu ni ya haki, lakini kwenye barua inampa msomaji kitu cha kujibu badala ya kidonda. Msichanganye pia deni la ada. Kama mnadaiwa, andikeni barua nyingine kuhusu deni, na msiache kulipa ili kukomoa, maana mtakuwa mmewapa sababu ya kumtoa.

Chapeni nakala tatu. Moja inabaki kwao, moja inakwenda Ustawi wa Jamii, ya tatu mnabaki nayo ninyi: igongwe muhuri wa kupokelewa, tarehe na sahihi, au mpokeaji asaini kwenye kitabu cha dispachi. Barua isiyo na alama ya kupokelewa kesho itaambiwa haikufika. Wakikataa kuipokea, andikeni nyuma yake tarehe, saa na jina la aliyekataa, kisha pelekeni moja kwa moja hatua inayofuata. Kupokelesha lalamiko hakuna malipo. Anayeomba "hela ya soda" ili faili litembee anaripotiwa TAKUKURU kwa namba 113.

Nani juu ya nani

Makao ya kanisa yana mwenye mali: jimbo, dayosisi au shirika la watawa. Baada ya msimamizi, barua inakwenda kwa kiongozi wa hao, na hapohapo kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri ambako makao yapo. Familia iko Mbeya mjini na makao yako wilaya nyingine ya mbali? Afisa anayehusika ni wa kule. Kosa hili linakula wiki nzima za watu. Nyumba ya mtu binafsi ni njia hiyo hiyo, ila anzeni kwa kumwomba afisa athibitishe kama nyumba imesajiliwa. Kwenye makazi ya serikali, baada ya afisa mfawidhi ngazi ya mwisho ni Kamishna wa Ustawi wa Jamii, Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, Dodoma. Katikati yupo Afisa Ustawi wa Jamii wa mkoa, anayepatikana ofisi ya mkuu wa mkoa.

Hospitalini mpangilio ni mwingine: sista inchaji wa wodi, muuguzi mkuu, mganga mfawidhi. Hospitali kubwa huwa na ofisi ya ustawi wa jamii ndani, nendeni hapo mapema, hasa kama mzee anadaiwa malipo wakati anastahili matibabu bila malipo. Zaidi ya hapo inategemea hospitali ni ya nani. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya viko chini ya halmashauri, kwa hiyo ni Mganga Mkuu wa halmashauri. Hospitali za rufaa za mkoa na kanda ziko chini ya Wizara ya Afya.

Kosa la kitaaluma la muuguzi linapelekwa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, la daktari Baraza la Madaktari Tanganyika. Lakini mabaraza hayo yanamgusa mwenye leseni tu. Wahudumu wengi wa makao si wauguzi, ni walezi waliofundishwa kazini, hivyo msipoteze muda kupeleka jina la mlezi kwenye baraza. Lalamiko lake ni la mwajiri na Ustawi wa Jamii.

Kwa walio mbali, upo mfumo wa serikali wa e-Mrejesho, kwenye intaneti au kwa simu ya kawaida kupitia *152*00#. Chagueni taasisi inayosimamia makao na mhifadhi namba ya kumbukumbu mtakayopewa. Baraza la wazee la kata nalo lisidharauliwe. Mzee mwenzake akienda kusalimia makao akiwa na mtendaji wa kata, milango hufunguka.

Pale ambapo barua haitoshi

Kupigwa, kufungwa kamba kitandani, kuguswa kingono, kuibiwa pensheni au pesa za kwenye simu kwa sababu mlezi anajua namba ya siri: hayo ni ya polisi, siku hiyo hiyo. Waambieni wawape PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kwa daktari, mpeleke mzee hospitali, daktari aijaze. Anayevuja damu au asiyeamka apelekwe hospitali kwanza, fomu itafuata. Kwa unyanyasaji wa kingono asiogeshwe na nguo zisifuliwe kabla ya kupimwa, hata kama moyo unakataa kumwacha hivyo. Wekeni nguo kwenye mfuko wa karatasi, si wa plastiki, kwa sababu plastiki inatunza unyevu na kuozesha ushahidi.

Mzee akifariki na mna shaka ya kweli, semeni polisi kabla ya kuzika. Msiba wetu unakwenda haraka, wazee wa ukoo wanataka mwili ulale nyumbani, na ni vigumu sana kusimama mbele yao na kuomba uchunguzi. Mkishazika, njia inayobaki ni kufukua kaburi kwa kibali cha kisheria, na familia nyingi hazifiki huko.

Majibu yakija

Jibu la "tumelipokea na tunalifanyia kazi" bado si jibu. Jibu lina jina la atakayefanya, kitu atakachofanya na tarehe. Ombeni kikao cha nusu saa, andikeni mlichokubaliana, wote wasaini, kila upande ubaki na nakala. Yaliyorekebishwa yasemwe pia kwa maandishi. Mhudumu aliyebadilika anastahili kuona jina lake kwenye barua nzuri.

Halafu rudini baada ya wiki mbili na rula ile ile, mwanga ule ule wa dirishani. Kidonda cha sm 4 kikiwa sm 3.5, kingo zimekuwa na rangi ya waridi na harufu imekwisha, anageuzwa. Kikiwa sm 4 vilevile na karatasi ya kugeuza haina hata nafasi moja iliyorukwa, pigeni picha karatasi pamoja na kidonda, na barua ya pili iende ngazi ya juu siku hiyo hiyo, ya kwanza yenye muhuri ikiwa imeambatishwa.